Je, michezo ya video huleta kifafa?

Mwezi huu tunazungumzia jambo linaloanza kusumbua baadhi ya familia zetu za Mbulu na Hanang. Siku hizi, hata katika vijiji vilivyo mbali na Katesh au Dongobesh, simu ya kioo imeingia nyumbani, na pamoja nayo michezo ya video. Baadhi ya michezo hiyo imetoka Japani. Imejaa uchawi, mazimwi na vijana wa katuni wenye macho makubwa na nywele za kila rangi. Ikitokea mtoto akaanguka kifafa huku simu ikiwa mkononi, wapo wanaosema, "Ni pepo wa mchezo ule." Basi simu hufichwa, mtoto hupelekwa kwa mganga, na hospitali husahauliwa. Hivyo mtoto anaweza kupoteza miaka ya shule, au hata kuungua motoni, kwa sababu ya ugonjwa ambao una dawa.

MCHEZO WENYEWE UKOJE?

Michezo hii ilipata umaarufu Japani ulipotolewa mchezo uitwao Dragon Quest mwaka 1986. Ukafuata Final Fantasy mwaka 1987, na Pokémon mwaka 1996. Mchezaji huongoza kikundi kidogo cha wasafiri, au wanyama wa kubuniwa, kupita misituni, mapangoni na mijini. Wakikutana na adui hupigana kwa zamu, kama watu wachezavyo drafti au bao. Wewe unachagua: kupiga, kutumia uchawi, kunywa dawa au kukimbia. Kisha ni zamu ya adui. Anayeshinda huongezewa nguvu, na hadithi husonga mbele kwa saa nyingi, pengine kwa wiki kadhaa.

Uchawi huo ni hadithi tu, sawa na hadithi za mazimwi tulizosimuliwa na bibi zetu kando ya moto. Hauna uwezo wa kumwingia mtoto. Kiafya, kinachotuhusu ni mwanga. Mhusika anapopiga radi au kurusha moto, kioo kizima huweza kuwaka na kuzimika haraka haraka.

KILICHOTOKEA JAPANI

Jioni ya tarehe 16 Desemba 1997, mamilioni ya watu huko Japani walikuwa wakitazama katuni ya Pokémon katika televisheni. Katuni hiyo ilitengenezwa kutokana na mchezo tuliokwisha kuutaja. Katika sehemu moja, rangi nyekundu na bluu zilipishana kwenye kioo kizima kiasi cha mara 12 kwa sekunde, kwa muda wa sekunde chache tu. Watu wapatao 685, karibu wote wakiwa watoto, walipelekwa hospitali. Baadhi walikakamaa na kupoteza fahamu. Wengine walipata kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya kichwa. Wengi wa walioanguka hawakuwa wamewahi kuanguka kabla ya siku hiyo.

Katuni ilisimamishwa kwa miezi minne, na vituo vya televisheni vya Japani vikaweka kanuni za kuzuia mwanga wa namna ile. Nayo michezo mingi ya video huwa na onyo juu ya kifafa mwanzoni. Onyo hilo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na watoto hulipita bila kulisoma.

KWA NINI MWANGA HUMWANGUSHA MTU?

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana unaopita kati ya chembe zake. Wakati wa kifafa, chembe nyingi hutoa umeme kwa pamoja bila mpango, kama darasa zima linalopiga kelele hata mwalimu asisikike. Kwa watu wachache, macho yakipokea mwanga unaowaka na kuzimika mara nyingi kwa sekunde, chembe za ubongo zinazopokea picha hufuata mwendo ule ule hadi zikazidiwa.

Watu wa aina hii ni wachache kweli. Kati ya watu 100 wenye kifafa, ni kama 3 tu wanaoathirika na mwanga. Wengi wao wana umri wa miaka 7 hadi 19, na wasichana ni wengi kuliko wavulana. Mwanga wenye hatari zaidi ni ule unaowaka mara 15 hadi 25 kwa sekunde, hasa ukiwa mwekundu.

Kwa hiyo mchezo hauleti ugonjwa wa kifafa. Kwa yule ambaye ubongo wake hauvumilii mwanga wa namna hiyo, mchezo unaweza kuamsha kifafa kilichokuwa kimelala.

Iko pia njia ya pili, ambayo ni ya kawaida zaidi, nayo ni kukosa usingizi. Kijana anayecheza hadi usiku wa manane huamka amechoka, na uchovu wa namna hiyo huamsha kifafa cha aina nyingi, si kile cha mwanga peke yake. Tena aliyeamka kwa kuchelewa na kukimbilia shule ni rahisi kusahau kidonge chake.

KIFAFA CHA HUKU KWETU HUTOKA WAPI?

Kifafa kilikuwepo huku kabla ya simu. Utafiti uliofanyika eneo la Haydom na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja katika kila 100 amewahi kuwa na kifafa. Sababu ni nyingi: mtoto kuumia au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, na kuumia kichwa. Mara nyingine sababu haijulikani.

Sababu moja tunaweza kuizuia sisi wenyewe, nayo ni tegu wa nguruwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulichunguza nguruwe 770 katika vijiji 21 vya wilaya ya Mbulu, na kiasi cha 17 katika kila 100 walikuwa na vifuko vya tegu. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka katika kinyesi chake, nayo yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono michafu, maji au mboga, huweza kufanya vifuko ndani ya ubongo. Kwa sababu hiyo hata asiyekula nguruwe anaweza kuupata ugonjwa huu. Tutumie vyoo, tunawe mikono, tupike nyama iive kabisa, na nguruwe wafungiwe bandani.

MZAZI AFANYE NINI?

Kama mtoto hajawahi kuanguka, hakuna haja ya kumnyang'anya simu kwa hofu ya kifafa. Lakini afundishwe kucheza vizuri:

1. Asicheze gizani. Nyumba nyingi zetu hutumia taa ndogo ya sola. Acheze pale penye taa, au mchana. Kioo kinachong'aa katikati ya giza huathiri macho zaidi. Hali kadhalika katika vibanda vya video, asikae mbele kabisa karibu na televisheni.

2. Apunguze mwanga wa kioo, na simu iwe mbali na uso. Kioo kinachojaza macho yote ndicho chenye hatari.

3. Apumzike dakika 10 hadi 15 katika kila saa. Hapa mchezo wa zamu unamsaidia mzazi. Mchezo wa mpira haungoji, lakini huu, ikifika zamu ya mchezaji, kwa kawaida hungoja. Mtoto aliyeitwa kufunga mbuzi akijibu, "Ngoja kwanza, nitauawa," mwambie amalize zamu moja, aweke simu chini na kuja.

4. Simu isilale chumbani kwa mtoto. Ikabidhiwe kwa mzazi kabla ya kulala.

5. Mwanga ukianza kuwakawaka na mtoto akajisikia vibaya, afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, maana mwanga hupenya kope.

Mtoto ambaye tayari ana kifafa aulizwe na daktari kama mwanga ndio unaomwangusha. Kama ndivyo, michezo yenye mwanga wa namna hiyo aiache. Kama sivyo, anaweza kucheza kama wenzake, mradi alale vya kutosha na asikose dawa.

MTOTO AKIANGUKA

Msikimbie, wala msiogope mate yake. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Mwondoeni haraka karibu na moto, mafiga, maji au ukingo. Mwekeeni kitu laini chini ya kichwa na kulegeza nguo shingoni. Kukakamaa kukipungua, mlazeni ubavu ili mate yatoke. Msimtie kijiko, kijiti wala kidole kinywani. Msimshikilie kwa nguvu. Msimpe maji wala dawa kabla hajazinduka. Angalieni saa: kikizidi dakika 5, au kikirudia kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja.

Hata akizinduka vizuri, mtoto aliyeanguka kwa mara ya kwanza apelekwe kituo cha afya au hospitali, iwe ni ya wilaya huko Mbulu au Katesh, au ile ya Haydom. Mwelezeni mganga wa hospitali yote mliyoyaona: alikuwa akifanya nini, alilala saa ngapi, mikono na macho vilikuwaje, ilichukua dakika ngapi. Msifiche habari ya simu, wala msiseme habari ya simu peke yake. Maelezo hayo humsaidia sana kutambua aina ya kifafa.

Dawa kama fenobabitoni na kabamazepini huwasaidia wagonjwa wengi kuishi bila kuanguka, lakini ni lazima zimezwe kila siku, kwa miaka. Kuziacha ghafla ni hatari. Mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo hata akapoteza maisha. Wapo wazazi wanaoacha dawa mara simu inapoondolewa nyumbani, wakidhani kisababishi kimeondoka. Tunawasihi wasifanye hivyo. Sala kwa ajili ya mgonjwa ni njema, na kidonge chake cha jioni kimezwe vile vile.