Makaa ya Mawe Kabla Hayajafika Jikoni

Kuna watu Kimara, Dar es Salaam, wanaoamini kwamba makaa ya mawe hayafai hata kusogea karibu na sufuria ya chakula. Wengine, tangu mkaa mbadala uanze kuuzwa mjini, wanaamini kwamba kitu kisichotoa moshi ni salama popote. Wale wa kwanza wameshika nusu ya ukweli. Hawa wa pili ndio wanaonitia hofu.

Mjadala wenyewe umeletwa na mkaa wa kuni. Gunia linaloshushwa kando ya Barabara ya Morogoro, pale Kimara Mwisho au Temboni, halitoki tena msitu wa jirani. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Tanzania inatumia tani milioni 1 hivi za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake inaishia Dar es Salaam. Tanuri la udongo la porini hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, kwa hiyo anayepima hasara kwa kuangalia gunia peke yake hajaona kitu. Serikali nayo ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Katika pengo kati ya mkaa wa kuni na nishati safi ndipo lilipoingia Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, na mkaa wake mbadala uitwao Rafiki Briquettes, unaotokana na makaa ya mawe ya Kiwira-Kabulo. Kimoja cha viwanda vyake kiko Kisarawe, ambako kwa mtu wa Kimara ni jirani tu.

Sasa jiwe jeusi la mgodini linageukaje kuwa kitu cha kuivishia maharage? Sayansi yake haikuanza Kisarawe. Sehemu kubwa ilifanywa Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili, na kilichowasukuma watafiti ni vifo.

Tarehe 5 Desemba 1952 baridi kali iliishika London na hewa ikatulia kabisa. Karibu kila nyumba ilikuwa inaota moto wa makaa ya mawe sebuleni, na mitambo ya umeme iliyokuwa mjini nayo ilikuwa ikichoma makaa hayohayo. Moshi ulikosa pa kwenda. Kwa siku tano mabasi yalikwama, watu wakatembea wakipapasa kuta mchana. Hesabu ya mwanzo ilisema watu 4,000 walikufa; uchambuzi wa miaka ya karibuni unafika hadi 12,000. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hewa safi mwaka 1956. Lakini sheria haichemshi maji ya chai. Ukimkataza mtu kuchoma makaa yenye moshi, lazima kuwe na kitu kingine cha kumpa, na kwa bei anayoimudu.

Kazi hiyo iliangukia maabara ya Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe huko Stoke Orchard, chini ya Jacob Bronowski, mwanahisabati mzaliwa wa Poland aliyeanza kuiongoza mwaka 1950. Wengi waliokuja kumjua kwenye televisheni miaka ya 1970, akisimulia historia ya sayansi, hawajui kwamba kwa zaidi ya miaka kumi alihangaika na moshi wa jikoni na sebuleni. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa.

Ili kuelewa alichokifanya, tuanze na moshi wenyewe ni nini. Makaa ya mawe ni mimea iliyozikwa chini ya matope na mchanga. Yale ya kusini mwa Tanzania yana umri wa zaidi ya miaka milioni 250. Yanapopata joto hayaanzi kuungua mara moja. Kwanza yanatoa jasho: gesi, mvuke na lami. Katika makaa ya kawaida vitu hivyo vinavyoruka hufikia robo hadi theluthi ya uzito wote. Vikikuta moto mkali na hewa ya kutosha vinaungua na kwisha. Vikikuta jiko linaloanza kushika, bado la baridi, vinapaa vikiwa vibichi, na hapo ndipo unapoona moshi mweusi unaonata kwenye dari, kwenye pazia na kwenye mapafu.

Dawa yake, basi, ni kuvitoa vitu hivyo kabla makaa hayajamfikia mpishi. Mchoma mkaa wa Kisarawe au Kilosa anajua kanuni hii hata kama hajaisoma. Anapofunika magogo kwa udongo, ule moshi mzito mweupe unaotoka siku za mwanzo ndio jasho la kuni. Mkaa unapofika Kimara, moshi wake umeshabaki porini, machoni na kifuani mwa yule aliyeuchoma. Makaa ya mawe yakifanyiwa vivyo hivyo kwenye tanuri lililofungwa, kwa joto la nyuzi 1,000 hivi, hutoa koki, ambayo viwanda vya chuma vimeitumia tangu karne ya 18. Ila koki ni ngumu kuwaka. Mama anayetaka chai saa kumi na mbili asubuhi hana muda nayo.

Stoke Orchard walitafuta njia ya katikati. Makaa yalisagwa, yakapashwa joto la nyuzi 400 hivi huku upepo ukipulizwa kutoka chini, punje zikawa zinaelea na kuchemka kama maji. Lami iliyo nyingi ikatoka, lakini gesi kiasi ikaachwa ili moto ushike haraka. Kisha, yakiwa bado ya moto na laini, yakabanwa kuwa vitofali bila gundi yoyote. Miaka ya 1960 vitofali hivyo viliingia sokoni kwa jina la Homefire.

Wengine walikuwa wakichungulia ndani zaidi. Rosalind Franklin, ambaye dunia inamkumbuka kwa picha za DNA, alianza kwa makaa ya mawe wakati wa vita. Alipima vitundu vyake kwa kuvijaza gesi na vimiminika mbalimbali: heliamu, ambayo chembe zake ni ndogo mno, ikapenya mahali ambapo benzini ilikwama. Kwa hiyo kipande kinachoonekana kigumu kama jiwe kimejaa matundu yenye milango ya ukubwa tofauti. Baada ya vita, akiwa Paris, alionyesha kwamba kuna kaboni ambazo zikipashwa joto kali sana hugeuka kinywe, madini yaleyale yanayopatikana Mahenge, na nyingine hazigeuki kamwe hata uzichome vipi. Makala yake ya mwaka 1951 bado inatumiwa na watengeneza betri.

Na ile lami iliyotolewa haitupwi. Tangu William Perkin apate rangi ya zambarau kutoka kwenye lami hiyo mwaka 1856, viwanda vimeitumia kutengeneza rangi za vitambaa, dawa na viuatilifu. Afrika Kusini ilianzisha kampuni ya Sasol mwaka 1950 na kufikia 1955 ilikuwa inatengeneza petroli kutokana na makaa ya mawe.

Hapa kwetu utafiti ulikuwepo pia. Shirika la maendeleo ya makoloni la Uingereza, lililoundwa 1948, lilikwenda kutafuta makaa bonde la Ruhuhu, na wanajiolojia wa serikali ya Tanganyika, waliokuwa na makao Dodoma, walichora ramani za Mchuchuma, Ngaka na Songwe-Kiwira. Makaa yalikuwepo. Kilichokosekana ni njia. Reli ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, haikufika huko, na ilifungwa 1962. Mgodi wa Kiwira ulianza kwa msaada wa China mwaka 1988, Ngaka mwaka 2011, na viwanda vya saruji vimekuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa Ngaka. Mtu wa Kimara aliyeapa kwamba hatatumia makaa ya mawe maishani mwake huenda analala ndani ya kuta zilizojengwa kwa moto wake.

Kitu kimoja mpishi wetu atakiona mapema: majivu. Makaa ya upande huu wa dunia, kuanzia India hadi Afrika Kusini, yalichanganyika na udongo tangu yanazaliwa, na hata kuyaosha hakuutoi wote. Jiko litahitaji kutikiswa mara nyingi zaidi.

Hofu ya wale wa kwanza, wanaoyakataa makaa ya mawe jikoni, ina ushahidi wake. Huko Xuanwei, kusini mwa China, wanawake wasiovuta sigara walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko karibu mahali pengine popote nchini humo. Watafiti walioanza kuchunguza miaka ya 1980 waliikuta sababu jikoni: makaa yenye moshi, yaliyochomwa ndani bila bomba la kutolea moshi. Nyumba zilipowekewa mabomba, saratani ilipungua. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri makaa ya mawe ambayo hayajachakatwa yasitumike majumbani kabisa. Zingatia hilo neno la kuchakatwa. Vitofali vilivyobanwa tu kutokana na vumbi la mgodini, bila kutolewa lami kwanza, ni makaa mabichi yaliyobadilishwa umbo.

Lakini hata ukitoa lami yote, kinabaki kitu ambacho Bronowski hakukiondoa na hakuna anayeweza kukiondoa. Kaboni ikiungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hushika himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unakosa hewa huku pua ikisema hewa ipo. Korea Kusini watu wengi walikufa usingizini kwa vitofali vya makaa vilivyokuwa vikipasha sakafu, na havikuwa na moshi. Mkaa wetu wa kuni hutoa gesi hiyohiyo; kila msimu wa baridi na mvua tunasikia familia iliyoingiza jiko chumbani.

Mimi naona mkaa mbadala unafaa: kwa mama lishe wa barazani, kwa shule na magereza yenye majiko ya bomba. Misitu itapumua, ingawa hewa ya dunia haitapata nafuu, maana kaboni yake ni ya zamani. Kwa mpangaji wa chumba kimoja anayepikia mlangoni mvua ikinyesha, gesi au umeme ni bora mno, na ndiye wa kusaidiwa kwanza.

Ukiununua, muulize muuzaji kama umetolewa moshi kiwandani. Uwashie nje mpaka ushike wote, pikia penye upepo, na jiko lisilale ndani hata likionekana limezima. Watu wawili ndani ya nyumba wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa wakati mmoja, msidhani ni malaria. Fungueni milango, tokeni nje wote, kisha mwende hospitali na kumweleza daktari kwamba kulikuwa na jiko.