BABU NA BIBI WA TELEVISHENI

Redio ikifa kabisa na fundi akashindwa, sanduku lake hufanywa nini? Wengine hulitupa jalalani. Wengine huwapa kuku watagie humo. Leo tumsome mtu aliyeyafanya masanduku ya namna hiyo kuwa babu na bibi.

Mtu huyo aliitwa Nam June Paik. Alizaliwa mwaka 1932 katika mji wa Seoul, nchini Korea. Alisoma Japani, kisha akajifunza muziki Ujerumani.

Siku zile watu wenye televisheni walikaa kimya, nayo ikasema peke yake. Paik alitaka mtu naye aijibu. Mwaka 1965 aliweka sumaku kubwa juu ya televisheni. Picha ikapinda. Ukiisogeza sumaku, picha nayo inabadilika. Hivyo mtazamaji akawa mwenye kutawala, na mashine ikatii.

Mwaka 1964, pamoja na fundi Mjapani Shuya Abe, alikuwa ametengeneza roboti. Roboti ni mashine, nayo wakati mwingine hufanana na mtu. Ile ya Paik ilitembea barabarani, ikatoa sauti, tena ikadondosha maharage nyuma, kama mbuzi adondoshavyo samadi. Watu walicheka. Na kitu unachokicheka hukiogopi.

Mwaka 1986 alitengeneza familia nzima ya roboti. Alichukua masanduku ya redio na televisheni za zamani, akayapanga yakawa kichwa, kifua, mikono na miguu. Ndani yake akaweka televisheni ndogo zinazofanya kazi. Hao ndio babu na bibi. Watoto aliwatengeneza kwa televisheni mpya zaidi. Ukiwatazama unaelewa mara moja: hata mashine zina wazee wake, na mpya imetoka kwa ya zamani. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini kitu kilichotengenezwa kinataka matunzo. Mwaka 1988 Paik alijenga mnara wa televisheni 1,003 huko Gwacheon, karibu na Seoul. Paik alifariki mwaka 2006. Televisheni za mnara zilizidi kuchakaa, na vipuri vyake havikutengenezwa tena viwandani. Mwaka 2018 mnara ulizimwa kwa kuhofia hatari. Mafundi walitafuta vipuri vilivyokwisha kutumika. Palipokosekana, waliweka vioo bapa vya kisasa. Mwaka 2022 mnara uliwaka tena.

Basi nawe, kabla hujatupa kitu, kitazame mara mbili. Tairi bovu huwa viatu. Kopo tupu huwa kibatari. Hiyo ni akili ile ile ya Paik.

Ila sikiliza onyo hili. Televisheni ya zamani yenye kisogo kirefu usiifungue mwenyewe. Hata ikichomolewa, umeme mkali unaweza kubaki ndani. Kioo chake kikivunjwa kinaweza kupasuka kwa nguvu na kurusha vipande, na kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiwaachie watoto waichezee. Kazi hiyo mwachie fundi anayeijua.

Sanduku la redio, hilo waachie watoto. Kisha waulize wametengeneza nini.