Margot Robbie: kutoka mwigizaji wa kuitwa hadi mwenye filamu

Wengi wenu mnamfahamu Margot Robbie kwa filamu ya Barbie ya mwaka 2023, ile ya rangi ya waridi kila kona, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.4 duniani. Uso wake mmeuona. Kazi aliyoifanya nyuma ya kamera haionekani, na hiyo ndiyo iliyomfikisha alipo.

Robbie alizaliwa mwaka 1990 katika mji wa Dalby, jimbo la Queensland nchini Australia, akakulia eneo la Gold Coast. Mwaka 2008 alipata nafasi katika Neighbours, tamthilia ya televisheni inayohusu majirani wa mtaa mmoja. Aliingia kama mgeni wa muda tu, akacheza kama Donna, watazamaji wakampenda, akabaki hadi 2011. Katika miaka hiyo alikuwa akijifunza lafudhi ya Kimarekani kwa mwalimu, maana alishaamua safari inayofuata ni Hollywood.

Huko mwanzo haukuwa mtamu. Tamthilia yake ya kwanza Marekani, Pan Am, ilifutwa baada ya msimu mmoja. Kisha akaitwa kwenye usaili wa The Wolf of Wall Street, filamu ya mwongozaji Martin Scorsese. Amesimulia mwenyewe kwamba katikati ya usaili alimzaba kofi Leonardo DiCaprio, jambo ambalo halikuwa kwenye maandishi, akadhani amejiharibia. Akapewa nafasi. (Msijaribu hilo kwenye usaili wenu.) Filamu ilitoka 2013, na jina lake likavuka mipaka.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Msichana mrembo akishafanikiwa kama mke wa mhusika mkuu, anaweza kuitwa kuwa mke wa mhusika mkuu hadi azeeke. Mwaka 2014 Robbie na wenzake, akiwemo Tom Ackerley ambaye baadaye alikuja kuwa mume wake, walianzisha kampuni ya LuckyChap.

Tueleze kidogo tofauti yake. Mwigizaji ni kama kibarua: anaitwa shamba likiwa tayari, analipwa, anaondoka. Mtayarishaji ndiye mwenye shamba. Anatafuta hadithi, ananunua haki zake, anasaka fedha, anachagua mwongozaji. Hasara ikija, ni yake pia.

Kupitia kampuni hiyo alitengeneza I, Tonya mwaka 2017, kuhusu Tonya Harding, mchezaji wa kuteleza kwenye barafu wa Marekani aliyehusishwa na shambulio dhidi ya mpinzani wake mwaka 1994. Haikuwa nafasi ya kupendeza. Harding alikuwa mwanamke maskini, mkali, aliyechekwa na nchi nzima. Ilimpa Robbie uteuzi wake wa kwanza wa Oscar. Kampuni ikafuata na Promising Young Woman, ambayo mwandishi na mwongozaji wake, Emerald Fennell, alishinda Oscar ya uandishi.

Hata Barbie, ni Robbie aliyeufuata mradi huo kwa kampuni ya Mattel, wenye mwanasesere, kisha akamtafuta Greta Gerwig aiandike na kuiongoza. Uteuzi wa Oscar ulipotangazwa Januari 2024, mashabiki walilalamika kwamba jina lake halimo kati ya waigizaji bora wa kike. Lakini lilikuwemo kwenye orodha ya filamu bora, akiwa mtayarishaji.