Motokari ya vipande: jina lake liko ku shasi

Wandugu wachimbaji, wengi kwetu wanajenga upya Land Cruiser FJ40, ile Toyota iliyotengenezwa tangu 1960 mpaka 1984: shasi hapa, moteri kule, milango kwa muuza vyuma. Inatembea muzuri. Lakini ni ya nani?

Jina la motokari ni nimero ya shasi, iliyopigwa ndani ya chuma, mbele, upande wa kuume. Moteri inabadilishwa, shasi inabaki. Usikwaruze pale, usichomelee.

Ununue shasi pamoja na karte roze yake na karatasi ya mauzo yenye sahihi. Chunga fakture ya moteri. Peleka vyote DGI, fasi plake zinatokaka. Baba akikufa bila karatasi, mama na watoto wanabakia na chuma tu.