Ukikohoa Mkojo Unatoka? Fanya Zoezi Hili

Umecheka na wenzako, mara unahisi umelowa. Au umeinua ndoo, umepiga chafya, na mkojo umeshatoka kidogo. Wanawake wengi waliozaa wanalijua hili, ila wanavaa pedi, wanapunguza kunywa maji na kunyamaza. Hayo maji usipunguze: mkojo ukiwa mzito unakisumbua kibofu zaidi.

Chini ya kibofu kuna misuli iliyotandazwa kama machela, kutoka kwenye kinena hadi kifupa cha mkia. Hii ndiyo misuli ya sakafu ya nyonga. Mimba, kuzaa, unene na kikohozi cha muda mrefu huilegeza. Mwaka 1948 daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu kuiimarisha kwa mazoezi, ndiyo maana yanaitwa mazoezi ya Kegel.

Utaijuaje? Jifanye unazuia ushuzi mbele ya wakwe. Ule mvuto wa ndani, wa kwenda juu, ndio wenyewe. Tumbo, mapaja na makalio yatulie, na uendelee kupumua kama kawaida.

Bana sekunde 5, achia sekunde 5, rudia mara 8 hadi 10. Fanya hivyo asubuhi, mchana na usiku. Kuachia nako ni zoezi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukizoea, panda taratibu hadi sekunde 10. Hata kwenye daladala unaweza, nani atajua?

Usifanye mazoea ya kukata mkojo katikati ukiwa chooni. Mkojo unaweza kubaki kwenye kibofu na kukuletea UTI.

Ukihisi chafya inakuja, bana kwanza ndipo upige. Na wanaume waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume nao zoezi hili linawahusu.

Wiki moja haitoshi. Jipe miezi 3 bila kuruka siku.

Lakini kama mkojo unavuja usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu wakati wa kujifungua, huenda hiyo ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hapo usipoteze muda na mazoezi, nenda hospitali. Mara nyingi tundu hilo huzibwa kwa upasuaji, na CCBRT jijini Dar es Salaam wamekuwa wakiwatibu wanawake wenye fistula bila malipo.