Karatasi za Shamba Zisikae Juu ya Meko

Mapema mwaka huu mama mmoja wa upande wa Sotik alifika afisini kwetu na mfuko uliojaa karatasi. Mumewe alikuwa amefariki, na wanawe walitaka kujua shamba la skimu li katika hali gani. Tuliumwaga mfuko mezani. Mlikuwa na risiti za dukani, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao, kalenda ya mwaka 1989, na risiti tatu za mkopo wa shamba, moja imetafunwa na panya mahali penye nambari. Barua ya kugawiwa shamba haikuwamo. Mama alijua tu kwamba mzee alizoea kusema, "Deni limekwisha."

Wasomaji wetu, deni kwisha ni jambo moja, na shamba kuandikwa kwa jina lako ni jambo jingine. Katika miaka ya 1960, mashamba ya walowezi huku kwetu yalipokatwa na kugawiwa watu, kila mkulima alipewa barua yenye nambari ya ploti yake. Ardhi yenyewe ilibaki rehani kwa wadhamini wa fedha za makazi, wale tuliowazoea kwa jina la SFT, mpaka mkopo ulipwe. Mkopo wa ardhi ulikuwa wa miaka 30. Baba aliyeingia shambani mwaka 1964, mtoto wake wa kwanza akiwa mgongoni mwa mama, alitazamiwa kumaliza mwaka 1994, mtoto huyo naye akiwa mzazi. Risiti gani huishi miaka 30 katika nyumba yenye moshi? Na baada ya senti ya mwisho, bado yatakiwa hati ya kufuta rehani na hati ya kuhamisha ardhi, nazo zifikishwe kwa msajili wa ardhi, ndipo hati ya kumiliki itoke. Wako wazee waliolipa wakashukuru Mungu, wakaishia hapo.

Kwa hiyo karatasi za shamba ndizo za kwanza. Ziwekeni peke yake katika bahasha moja kubwa: barua ya kugawiwa, risiti za mkopo, hati ya kufuta rehani, hati ya kumiliki. Aliyenunua kipande kwa jirani aweke humo pia barua ya idhini ya bodi ya ardhi. Tangu sheria ya mwaka 1967, mapatano ya kuuziana shamba bila idhini hiyo hayana nguvu, na maombi yapasa kupelekwa katika miezi 6 tangu mlipopatana. Karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya wazee chini ya mti ni ushahidi mzuri wa ujirani, lakini haitoshi.

Tazameni pia majina. Hili hutusumbua sana huku kwetu. Barua ya zamani yaweza kuwa na jina la nyumbani na "arap", kitambulisho kina jina la ubatizo, na cheti cha kifo kimeandikwa na mtu aliyesikia vibaya. Binti ni Cherotich katika karatasi moja na Jerotich katika nyingine. Nyumbani kila mtu ajua ni mtu yule yule, lakini karani wa mahakama hajui, naye hana kosa. Hapo hutakiwa hati ya kiapo ya kueleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Ni rahisi zaidi mzee mwenyewe kuiapa angali hai kuliko wanawe kubishana baada ya mazishi.

Sasa majani chai. Risiti ya mizani ya siku hizi haikuandikwa kwa wino. Mashine huichora kwa joto. Ukiiweka juani au karibu na meko hufifia au hugeuka nyeusi, na baada ya miezi michache huoni kitu. Kwa hiyo usitegemee risiti yenyewe. Pigilia msumari karibu na mlango, uchome risiti hapo kila siku utokapo kituoni, na Jumapili jioni kilo ziandikwe katika daftari. Najua mama aliyechuma tangu alfajiri, akapika, akakamua, hana nguvu ya kuandika usiku. Mwachie mtoto wa darasa la sita. Yeye asome tarehe na kilo, ajumlishe, na mkubwa asahihishe. Nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, na sijui zoezi la hesabu lenye faida kuliko hilo.

Mwisho wa mwezi linganisha jumla yako na kilo zilizo katika karatasi ya malipo. Andika pia mifuko ya mbolea uliyochukua kwa mkopo, ile ya NPK 26:5:5, kwa maana bei yake hukatwa katika fedha zako, na ukiandikiwa mifuko minne badala ya mitatu utahitaji kitu cha kuonyesha. Mwaka wa hesabu wa KTDA huanza Julai na kwisha Juni, basi daftari nalo lianze Julai. Kila mwaka bonasi ikitoka twasikia manung'uniko kwamba wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa wamelipwa zaidi. Hilo ni shauri la bei, na daftari haliwezi kulitatua. Lakini shauri la kilo zilizopungua laweza kutatuliwa, mkulima akija na tarehe.

Karatasi za watoto nazo zina mtego mmoja. Ile karatasi utolewayo hospitali unapojifungua ni taarifa ya kuzaliwa tu, si cheti. Fuatilia cheti kabla mtoto hajatimiza miezi 6, kwa maana baada ya hapo uandikishaji huwa wa kuchelewa, wenye maswali mengi na safari nyingi. Wazazi wengi hugundua jambo hili siku ya kumpeleka mtoto shule.

Kuhusu mahali pa kuweka, hapana haja ya kununua kabati. Sanduku la bati alilorudi nalo kijana kutoka shule ya bweni lafaa kabisa. Liinue juu ya matofali mawili, mbali na ukuta, kwa maana mvua yetu inayostawisha chai huozesha karatasi pia, na mchwa hupenda giza. Usibane kwa pini. Huota kutu na kula maandishi. Piga picha za hati kwa simu, umpelekee mtoto aliye mbali. Picha si hati, lakini ina nambari, na nambari ndiyo mlango. Hati ya kumiliki ikipotea, utaripoti polisi, utaapa, na tangazo litatiwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na kungojewa siku 60. Asiyejua hata nambari ya shamba lake ataanzia wapi?

Wako waume ambao hufunga sanduku na kutembea na ufunguo mfukoni. Wasema ni kwa usalama. Mimi naona si usalama, kwa maana mama ndiye achumaye chai, ndiye aendaye shuleni, na siku ya msiba ndiye atakayeulizwa cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi, na hati ya shamba. Ufunguo uwe na watu wawili.

Yule mama wa Sotik alisaidiwa na zile risiti mbili zilizosalimika, kwa maana nambari ya ploti ilisomeka. Kwa nambari hiyo aliweza kuomba utafutaji katika daftari la ardhi, na shauri lake sasa linaendelea. Nawe ukija afisini, njoo na hati zenyewe na nakala zake, na kitambulisho. Chukua na kalamu, maana zetu hupotea.