Siku ya Mungu ya mtu aliye mbali



Juma hili tunataka kuongea juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa jambo: saa za mapumziko za mtu anayefanya kazi ya msaada mbali na kwao. Tunajua wengine watacheka. Hapa Bukavu tumezoea kuona magari meupe yenye antena yamepangwa kando ya ziwa siku ya posho jioni, na tumezoea kusema: "Hao wa ONG, kazi yao ni starehe tu." Sisi pia tulisema hivyo. Tulisema mpaka siku mtoto wetu mwenyewe alipopanda gari jeupe katika nchi ya watu.

Tuanze mwanzo. Miaka minane iliyopita, shirika moja lilileta mgeni katika nyumba ya upande wa Muhumba, yenye baraza inayotazama ziwa. Wengi wetu tulikuwa tunapita pale asubuhi kuchukua sambaza kwa wavuvi. Mgeni huyo hakuwa mzungu. Alikuwa mwanamke wa Burkina Faso, mkunga, mama wa watoto wawili aliowaacha Ouagadougou kwa mama yake.

Kazi yake tuliiona. Gari lilimchukua saa moja asubuhi na kumrudisha jioni, akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Lakini siku ya Mungu lango lilifungwa. Tukitoka kanisani tulimwona ameketi barazani peke yake, telefoni mkononi. Tukimsalimu, aliinua mkono, basi. Tukasema ana majivuno. Mmoja wetu alisema hata Wafrika wenzetu, wakishapata mshahara wa dola, hawatutambui tena.

Aliyetuonyesha ukweli ni mwenye kutunza feza za chama chetu, ambaye huuza sambaza. Siku moja ya Mungu alipita pale na beseni kichwani, binti yake nyuma na beseni la pili. Mgeni akatoka mwenyewe langoni. Kwa kuwa mama huyu hajui Kifaransa sana, binti, aliyekuwa bado mwanafunzi, akatafsiri. Mgeni aliuliza bei. Kisha akauliza sambaza zinapikwa namna gani. Kisha akauliza mama ana watoto wangapi, anasali wapi, anapanda mlima wa Kadutu namna gani na mzigo huo. Sambaza zilikuwa zimekwisha kupimwa, na yeye bado anauliza. Kwenye mkutano wetu, mama yule alituambia maneno ambayo hatujayasahau: "Yule mama hakutaka sambaza. Alitaka kuongea."

Tukamwalika. Hapo ndipo tulipojua kwamba lile lango halikufungwa na majivuno. Ilibidi aandikie mkubwa wake siku tatu mbele: anakwenda kwa nani, avenue gani, gari litamwacha wapi, litamrudisha saa ngapi. Pikipiki alikatazwa. Kutembea kwa miguu jua likishashuka, alikatazwa. Saa kumi na mbili lazima awe ndani na ajibu kwenye redio. Tulicheka sana. Tulimuuliza kama ni mkunga au ni mfungwa. Yeye pia alicheka, lakini alisema: "Siku sita niko na kazi. Siku ya Mungu niko na mimi mwenyewe, na ndiyo siku ndefu kuliko zote."

Alikuja. Gari liliishia barabarani, akashuka mteremko kwa miguu, watoto wakimshika mikono. Alileta dongodongo, akaomba mbabula na unga wa mahindi, akatupikia bugali la kwao linaloitwa tô. Ni laini kuliko letu, na mchuzi wa dongodongo unateleza mpaka watoto wakapigana nao kwenye sahani. Sisi tulimpa sombe. Baada ya kula alimketisha msichana mmoja katikati ya magoti yake, akaanza kumsuka bila kuulizwa. Baadaye alituambia kwamba ana binti wa umri ule ule, na kwamba ilikuwa miezi mitano vidole vyake havijagusa nywele za mtoto.

Tangu siku hiyo alikuja mara mbili kwa mwezi. Tulijifunza kwamba kwao pia tarehe 8 Machi wamama wanavaa kikwembe cha siku hiyo na kuijaza mitaa. Alipomaliza mkataba wake wa miezi kumi na mmoja, tulimsindikiza tukilia. Hakutuacha na mradi wala jengo. Alituacha na namna ya kupika dongodongo, na binti mmoja aliyeamua kufanya kazi kama yake.

Binti huyo ndiye yule wa beseni la pili. Alimaliza masomo, akafanya kazi ya maji safi na vyoo hapa kwetu, na miaka miwili iliyopita akapewa kazi Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tulicheza ngoma. Mtoto wa Kadutu amekuwa mgeni wa kulipwa! Hatukufikiri kwamba huko Bangui, wenyeji wakimwona ndani ya gari jeupe, watasema yale yale tuliyoyasema sisi.

Tueleze kidogo maisha hayo, kwa sababu familia nyingi hazijui. Wengi wa wafanyakazi hawa wanakaa nyumba moja na wenzao wa kazi. Mtu unayebishana naye ofisini saa nne ndiye utakayekula naye saa moja usiku. Masaa ya kutoka na kurudi yamewekwa. Mahali pengine mitaa ya kutembelea imeandikwa, na ile isiyoandikwa ni marufuku. Kwa sababu ya ugumu huo, mashirika mengi huwapa likizo fupi ya kupumzika baada ya majuma sita, manane au zaidi, kulingana na mahali. Likizo hiyo si zawadi. Ni kama rekreasio shuleni. Sisi walimu tunajua: mtoto asiyepewa rekreasio, saa ya nne anaandika herufi kichwa chini, na kumpiga hakusaidii.

Sasa sikilizeni tulivyomfanyia mtoto wetu.

Likizo yake ya kwanza alikuja nyumbani siku saba. Tulimpangia ziara kumi na nne. Kwa baba mdogo, kwa shangazi, kwa mchungaji, kwa kila aliyesema "na kwangu apite". Kila nyumba ilikuwa na soda, wimbo na shida moja. Alirudi Bangui amechoka kuliko alivyokuja, na mfuko mtupu.

Halafu telefoni. Kwetu ikiwa saa mbili usiku, Bangui ni saa moja. Tuliona ni saa nzuri, ameshafika nyumbani. Siku ya Mungu tulipiga hata mchana, tukijua hayuko kazini. Mwaka wa kwanza alijibu kila mara. Mwaka wa pili akaanza kutojibu siku ya Mungu. Siku nyingine aliandika tu: "Niko salama." Mama yake akaacha kulala vizuri. Wengine wakasema ameshapata mwanaume. Wengine wakasema feza zimemgeuza moyo.

Habari ya kweli ilitoka Burkina Faso. Yule mgeni wetu wa zamani na binti hawakuwahi kuacha kuandikiana. Alimtumia mama ujumbe wa sauti, na mama akatuletea mkutanoni tuusikie wote. Alisema binti amechoka vibaya. Alisema siku ya Mungu anazima telefoni, analala kitandani na kuhesabu siku za mkataba, na amefikiri kuvunja kazi. Mwisho alisema: "Dada zangu, mpigieni bila kuomba kitu. Mara moja tu. Mtaona."

Tulinyamaza. Kisha mmoja akasema, tuhesabu. Tukahesabu kwa vidole yale aliyoombwa katika mwezi ule mmoja. Feza za shule za mtoto wa kaka yake. Deni la hospitali la shangazi. Mabati. Sare za kwaya. Mtaji wa jirani. Na sisi wenyewe, chama chetu, tulikuwa tumemwandikia atusaidie kulipa vikwembe vya tarehe 8 Machi. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Kila mmoja aliomba mara moja tu. Lakini yeye ni mmoja, na sisi tulikuwa tisa.

Ile saa moja ambayo kazi ilimwachia, sisi ndio tuliyoichukua.

Siku ya Mungu iliyofuata, mama yake alipiga saa kumi alasiri, saa tisa ya Bangui, baada ya kumwandikia kwanza kwamba anataka tu kumsalimu. Wengine wetu tulikuwa kando. Alimwambia juu ya mvua iliyomwaga sambaza za jirani kwenye ngazi, na namna paka wote wa avenue walivyofanya karamu. Alimwambia mbuzi aliingia darasani wakati wa mtihani na kula karatasi ya mtoto mvivu kuliko wote. Kisha akanyamaza. Binti akauliza, kwa sauti ndogo: "Na nini tena, Mama?" Mama akajibu: "Hakuna kitu tena. Ni hayo tu." Tulisikia kimya kirefu, halafu mtoto akaanza kulia na kucheka pamoja. Waliongea mpaka inite zikakwisha.

Hakuvunja kazi. Tangu hapo ameanza kutoka. Alipewa ruhusa ya kuimba katika kwaya ya kanisa lililo karibu na nyumba yao, na mama mmoja wa kwaya humwalika chakula baada ya ibada. Wanakula gozo, ambalo ni bugali la muhogo, pamoja na ngunza, ambayo ni sombe yenye karanga. Anajifunza Kisango, ameshatufundisha kusema "singila mingi", yaani asante sana. Siku nyingine gari huwapeleka kando ya mto Ubangi. Ng'ambo ya mto ni Zongo, mji wa kwetu. Anasema anaketi pale na kuitazama Kongo, na haioni tena kuwa mbali.

Kwa hiyo, wapenzi, chama chetu kimekubaliana mambo manne, na tunayaweka hapa kwa familia yoyote yenye mtoto katika kazi ya namna hii, akiwa Bangui, N'Djamena au hata hapa ndani, Kalemie au Bunia.

La kwanza: siku ya Mungu ni ya kuongea, si ya kuomba. Shida zipo, na mtoto anayefanya kazi hawezi kukataa familia yake. Lakini mtu mmoja wa familia azikusanye, azipime, na amwandikie siku moja ya mwezi. Zile ambazo tunaweza kutatua kwa likelemba, tuzitatue hapa.

La pili: akija likizo, siku mbili za kwanza ni zake. Alale. Wanaotaka kumwona waje wao nyumbani, na waje wakijua saa ya kuondoka.

La tatu: tusimcheke akisema alikwenda kuogelea, kutazama mpira au kusuka nywele. Tumuulize ilikuwaje. Kifungu cha 24 cha Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, la mwaka 1948, kinasema kila mtu ana haki ya kupumzika. Hakikutoa nje wale wanaohudumia wengine.

La nne ni juu ya wageni walio katikati yetu. Hatusemi wote ni wema. Kuna wanaokunywa mpaka asubuhi, na kuna waliopandisha bei ya nyumba mpaka mwalimu hawezi kupanga. Hayo tutaendelea kuyasema. Lakini ukiona mtu ameketi peke yake barazani, usifikiri mara moja ni majivuno. Mwalike mapema, mwambie mahali na saa, umpe nafasi ya kuomba ruhusa. Na akifika, mpe chakula kabla ya kumpa shida zako.

Mama mmoja wa Bangui, ambaye hatujui hata jina lake, anamlisha mtoto wetu kila siku ya Mungu. Hatuwezi kumlipa. Tunaweza tu kumlipa aliye karibu na lango letu.

Juma lililopita, shirika fulani limeleta mgeni mpya katika nyumba ile ile ya Muhumba. Ni kijana wa kiume, tunasikia anatoka Haiti. Mama wa sambaza ameshapita pale na beseni lake. Anasema kijana aliuliza bei, halafu akauliza swali la pili.

Tutaonana juma lijalo. Mungu awalinde.